Tafuta pale kidole kilipozoea

Nyumba nyingi za Lubumbashi zina kitu kimoja ambacho hakitumiki tena na ambacho hakuna anayethubutu kukitupa. Kwa wengine ni kofia ngumu ya kazi ya tangu enzi za Union Minière, kabla kampuni haijataifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Kwa wengine ni sahani ya bati yenye maua, rangi imebanduka ukingoni. Kwa wengine ni kitambaa cha meza ambacho kambo, yaani bibi, alikidarizi kwenye fuaye ya kampuni, mahali wake za wafanyakazi walipofundishwa kushona na kufuma. Kitu hicho kinastahili picha yake, maana siku mwenye nacho akiondoka, watakaobaki wataona bati tu.

Studio si lazima. Unahitaji simu, dirisha, matofali mawili matatu na asubuhi moja isiyo na haraka.

Anza kwa kukaa na mwenye kitu, simu ikiwa mfukoni. Usimwulize kitu hicho kina maana gani kwake, atakujibu maneno ya hotuba. Mwulize mambo madogo: kilikuwa kinakaa wapi ndani ya nyumba? Nani alikigusa kila siku? Kwa mkono gani? Kiliwahi kuanguka? Huku akieleza, mpe akishike, nawe uangalie vidole vinakwenda wapi vyenyewe. Pale vinapokwenda ndipo utakapopiga.

Nilijifunza hili kwa mwiko wa bukari wa mama mkubwa. Mara ya kwanza niliulaza juu ya kitambaa cheupe, nikaupiga kwa flashi, ukatoka kama mwiko wowote wa sokoni. Aliitazama picha, akanirudishia simu: "Ndiyo, mwiko." Siku ya pili nilimwomba aushike kama vile yuko mbele ya mbabula. Hapo ndipo nikaona kwamba ncha yake haiko sawa. Upande mmoja umelika, umekuwa mshazari, kwa kuwa miaka yote ameusukuma kwenye ubavu wa sufuria kwa mkono wa kulia. Na mpini, shubiri moja kutoka mwisho, una kibonde kinachong'aa, kibonde cha kidole gumba. Picha ya pili ilikuwa ya mshazari ule na kibonde kile, basi. Safari hii simu hakuirudisha. Alianza na unga wa posho waliokuwa wakigawiwa na kampuni, akaishia kwa kaka yake aliyeuchonga mwiko huo kwa kisu cha jikoni.

Kilichotenganisha picha hizo mbili ni mwanga. Flashi hupiga usoni na kujaza kila kibonde, kwa hiyo uchakavu wote unapotea. Mwanga wa ubavuni hupita juu ya kitu kama mkono unaopapasa: kila mkwaruzo unapata kivuli chake. Weka meza karibu na dirisha, kitu kikae sambamba nalo, nawe usimame ukilipa dirisha bega wala si mgongo. Upande wa kivuli ukiwa mweusi mno, simamisha karatasi nyeupe hapo. Isogeze na kuirudisha hadi uone giza limelegea bila kwisha.

Dirisha lipi? Mji wetu uko kusini mwa ikweta, nyuzi 11 na zaidi. Wakati wa kiangazi, kama mwezi wa sita, jua la mchana hupita upande wa kaskazini, basi dirisha linalotazama kusini linatoa mwanga mtulivu kutwa. Mwezi wa kumi na mbili jua la mchana limehamia kusini kidogo, karibu na utosi, na hapo jaribu dirisha la upande wa pili. Wanaokaa katika zile nyumba za zamani za komini ya Lubumbashi zenye baraza pana wana bahati: mlango wa baraza, hatua mbili ndani ya kivuli, unashinda taa nyingi za kununua. Zima balbu. Ukichanganya mwanga wake wa manjano na ule wa dirishani, sahani nyeupe itatoka na rangi mbili.

Kwenye simu yenyewe hakuna siri kubwa. Futa lenzi. Isimamishe juu ya matofali au iegemeze kwenye mfuko wa maharage, kisha tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Usivute kwa zumu, sogea. Bonyeza kioo pale penye alama ya mkono mpaka simu ishike, kisha punguza mwangaza kidogo, kwa sababu simu hupenda kuangaza kila kitu kupita kiasi.

Mukuba, yaani shaba, una shida zake, na katika mji huu hutaukwepa. Ukiwa umesuguliwa ni kioo: utaona shati lako, dirisha, hata simu. Vaa nguo nyeusi, tundika kitambaa cheusi mbele yako chenye tundu la lenzi tu, halafu weka karatasi nyeupe ubavuni ili mukuba uakisi ule weupe kama mstari mmoja mrefu safi. Lakini kabla ya hapo, tafadhali, usiusugue. Ndimu na chumvi huondoa kwa dakika moja weusi na ukijani uliochukua miaka 40 kujijenga, na weusi huo ni sehemu ya habari unayoitafuta. Vivyo hivyo lile vumbi jekundu kwenye mikunjo ya redio ya zamani. Ukitaka kufuta, piga kwanza, ufute baadaye.

Kuna jambo ambalo wapigaji wengi, hasa vijana wanaotaka picha "ya kwetu", hulikosea. Wanachukua msalaba wa mukuba, kipande cha malakaiti na kikwembe kipya, wanavipanga pamoja na kusema hiyo ndiyo Katanga. Misalaba hiyo ina historia nzito: ilizikwa na wafu katika makaburi ya Sanga huko Upemba, ilitumika kama fedha, na mitatu ilichorwa kwenye bendera ya Katanga mwaka 1960. Ikiwa msalaba ulikuwepo ukutani kwenu, upige. Ikiwa haukuwepo, uache. Termosi iliyopoteza kifuniko na kufungwa kwa gunzi inasema ukweli zaidi kuhusu nyumba yenu kuliko msalaba ulioazimwa kwa jirani.

Hatuanzi sisi. Miaka ya 1970 watu wa mji huu walinunua michoro ya kutundika sebuleni, ya wachoraji kama Tshibumba Kanda Matulu, na mchoro wa aina hiyo waliuita ukumbusho: ulitundikwa ili mgeni aulize na mwenyeji asimulie. Mradi wa kukusanya kumbukumbu za Lubumbashi, ulioanza mwaka 2000 chini ya wanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu na Bogumil Jewsiewicki, ulithamini vitu vya nyumbani pamoja na masimulizi ya wenyewe. Na Sammy Baloji, mzaliwa wa hapa, ametufunza uwezo wa kuweka picha mbili bega kwa bega. Katika kazi yake iitwayo Essay on Urban Planning alipanga picha za mji zilizopigwa kutoka angani pamoja na picha za visanduku vya wadudu vya jumba la makumbusho. Nyuma yake kuna picha ya mwaka 1929 ya lundo la nzi, kutoka wakati ambapo wafanyakazi Waafrika walitakiwa kuleta nzi 50 ndipo wapate posho yao. Ukijua hilo, mdudu mkavu kwenye pini si mapambo tena.

Jaribu njia hiyo kwa kiasi chako. Piga mwiko, kisha toka upige kile ambacho aliyeushika alikuwa akikiona akikoroga: ukuta wa jirani, mwembe, au kule mbali bomba la kiwanda na kile kilima cheusi cha mabaki ya kuyeyusha mukuba. Ziweke mbili hizo pamoja, za ukubwa mmoja, bila maelezo katikati.

Omba ruhusa, na uombe upya kabla ya kuionyesha picha nje ya familia. Kuna vitu ambavyo mzee atakuachia uvitazame lakini visipigwe, na hapo hakuna kubembeleza. Hifadhi picha mahali pawili. Simulizi lake lirekodi kwa sauti siku hiyo hiyo, hata kama kuna watoto wanaopiga kelele nyuma.

Kisha chapisha angalau moja kwenye karatasi. Nyuma yake andika kwa penseli, maana wino unaweza kupenya: nani alikitumia kitu hiki, katika nyumba ipi, miaka ipi kama inajulikana, nani aliyesimulia na siku gani. Andika pia jina la kitu kama alivyolitamka mwenyewe. Akisema mukuba, andika mukuba, usimsahihishe kuwa shaba. Akisema kambo, usiandike bibi.