Fundo Lisiloonekana: Somo Nililolipata Nikitengeneza Rozari Nyumbani



Vijana wenzangu, leo tujifunze juu ya kazi za mikono zinazofanyika nyumbani. Wapo kati yetu wanaosuka vikapu, wanaofuma vitambaa, wanaochora, wanaotengeneza kadi na hereni. Mimi natengeneza rozari, kwa hiyo nitaongelea hiyo ninayoijua. Na nitaanza na kosa langu, maana ndilo lililonifundisha.

1. Shanga zilizomwagika

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani muda mrefu bila ajira. Si unajua maisha hayo: kuamka, simu, kulala, simu. Shangazi yangu alikuwa anatengeneza rozari miaka mingi, akaniita siku moja akaniambia, "Mwanangu, kaa hapa, nishikie uzi." Nikakaa. Baada ya miezi miwili nilikuwa naweza kutengeneza mwenyewe, na hata kuuza.

Ulipokaribia mwezi wa Oktoba, jumuiya yetu ikaniagiza rozari 24, kila moja shilingi 3,000. Kwangu hiyo ilikuwa kazi kubwa. Hela nilipewa mapema, na kusema kweli niliitumia mapema. Nikatengeneza 12 za kwanza kwa utulivu. Kisha nikazembea. Zilizobaki nikazifanya zote usiku mmoja, macho yanafumba.

Sasa, kwenye rozari ya uzi kuna fundo pale uzi unapoungana na medali. Ncha ya uzi inarudishwa ndani ya shanga mbili tatu, na fundo lenyewe linajificha kati ya medali na shanga ya kwanza. Ukiangalia kwa nje huwezi kujua limefungwaje. Uzi wa nailoni unateleza, kwa hiyo fundo lake linatakiwa kurudiwa. Shangazi alinionya hivyo tangu siku ya kwanza. Lakini usiku ule nilifunga fundo moja moja, nikatia tone la gundi, nikasonga mbele. Nilijiambia, "Nani ataona?"

Wiki ya pili ya Oktoba tulikuwa kwenye msiba, tunasali rozari. Tukiwa katika tendo la tatu la uchungu nikasikia shanga zinamwagika kwenye mkeka. Rozari ya bibi mmoja wa jumuiya yetu ilikuwa imeachia. Bibi hakusema neno. Aliendelea na Salamu Maria akihesabu kwa vidole vyake, na watoto wakawa wanaokota shanga gizani. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma yake, natamani ardhi inimeze.

Siku mbili baadaye mjukuu wake alikuja nyumbani na kitambaa kilichofungwa pembeni. "Bibi anakusalimu. Anasema shanga zipo 57, mbili hazikuonekana. Anaomba umtengenezee tena, atalipa."

Atalipa! Neno hilo ndilo lililonichoma.

2. Maandiko yanatufundisha nini?

Jioni ile nilichukua Biblia nikasoma habari za Bezaleli, katika Kutoka 31:1-11 na 35:30 hadi 37:9. Bezaleli alikuwa fundi wa kabila la Yuda. Maandiko yanasema Mungu alimjaza Roho wake, akampa hekima ya kufanya kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Alipewa na msaidizi, Oholiabu wa kabila la Dani, na wote wawili wakapewa uwezo wa kufundisha wengine. Kumbe ufundi wa mikono ni karama ya Roho, na ni karama inayotakiwa kufundishwa, kama shangazi alivyonifundisha mimi.

Lakini kilichonigusa zaidi ni Kutoka 37:2. Bezaleli alipotengeneza Sanduku la Agano, alilifunika kwa dhahabu safi ndani na nje. Nje naelewa. Lakini ndani? Sanduku lile liliwekwa Patakatifu pa Patakatifu, na kwa mujibu wa Walawi 16 Kuhani Mkuu aliingia humo mara moja tu kwa mwaka. Watu wa kawaida hawakuliona, na ndani yake ndiyo kabisa. Hata hivyo Mungu aliagiza dhahabu iwe ile ile pande zote mbili, na Bezaleli akatii.

Basi nikaliwaza fundo langu. Bezaleli aliweka dhahabu mahali ambapo hakuna mtu angeona. Mimi mahali pa namna hiyo hiyo niliweka gundi.

Katika Mathayo 6:1-6 Yesu anatuambia kwamba Baba anaona yaliyo sirini. Huwa tunalisoma somo hilo Jumatano ya Majivu tukifikiria sadaka, sala na kufunga tu. Nadhani linahusu pia kazi ya mikono. Yesu mwenyewe aliishi hivyo. Watu wa Nazareti walimjua kama seremala (Mk 6:3), na Luka anasema alipoanza utume wake alikuwa na umri wa miaka kama 30 (Lk 3:23). Maana yake sehemu kubwa ya maisha yake hapa duniani ilipita kijijini, kwa kazi ambayo Injili hazikuandika hata kitu kimoja alichokitengeneza.

Halafu yupo Tabitha, yaani Dorkasi, wa Yopa (Mdo 9:36-42). Alipokufa, wajane walisimama wakilia, wakamwonyesha Petro kanzu na nguo alizozishona alipokuwa pamoja nao. Mshono wake ulimshuhudia msibani. Na mshono wangu nao ulinishuhudia msibani, ila ushuhuda wake ulikuwa mwingine.

3. Kanisa linafundisha nini?

Rozari iliyobarikiwa ni kisakramenti. Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 1670 inafundisha kwamba visakramenti havitoi neema ya Roho Mtakatifu kwa namna ya sakramenti, bali kwa sala ya Kanisa vinatuandaa kuipokea neema na kushirikiana nayo. Kwa hiyo tusiifanye rozari kuwa hirizi. Na kwa upande mwingine, tusiichukulie kama pambo la shingoni tu.

Kwa sisi tunaouza, lipo jambo la kuangalia. Tunauza malighafi na jasho letu. Baraka haiuzwi. Simoni mchawi alitaka kununua zawadi ya Mungu kwa fedha, Petro akamkemea vikali (Mdo 8:18-24), na Katekisimu namba 2121 inaitaja dhambi hiyo kwa jina la usimoni. Ndiyo maana mimi nauza rozari kabla haijabarikiwa, kisha mwenye nayo anampelekea padre au shemasi.

Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu, Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mtu anapofanya kazi hatengenezi kitu tu, anajitengeneza yeye mwenyewe kuwa mtu zaidi. Nikageuza upande wa pili nikaona: kumbe hata kazi ya ujanja ujanja inamtengeneza mtu. Usiku ule nilipofunga fundo moja moja, nilikuwa najifunza kusema uongo kwa vidole.

4. Nilifanya nini?

Ningeweza kumtengenezea bibi peke yake nikanyamaza. Shida ni kwamba sikujua rozari zipi zilikuwa za usiku ule, maana kwa macho zote zilifanana. Nilikwenda kuungama. Kisha Jumamosi kwenye jumuiya niliomba nafasi ya kuongea, nikasema mbele ya watu: "Rozari nilizowauzia, nusu sikuzifunga vizuri. Naomba mnirudishie zote nizifunge upya bila malipo." Aibu niliyoisikia, bwana, siwezi kuieleza.

Zilirudi 23. Moja ilikuwa imekwenda Mwanza na mama mmoja aliyehamia huko, ikabidi nimpigie simu. Kazi ilinichukua wiki tatu, na uzi nilinunua kwa hela ya kukopa kwa shangazi. Nilipompelekea bibi ya kwake nilimwamkia, "Shikamoo bibi," akaitika, "Marahaba mjukuu wangu." Aliishika, akaivuta kwa nguvu zake zote za kizee, akacheka. "Hii sasa imefungwa." Nikamweleza yote. Akasema tu, "Nilijua utarudi."

5. Jinsi ya kutengeneza rozari ya uzi

Ukitaka kujaribu, unahitaji shanga 53 za Salamu Maria, shanga 6 kubwa kidogo za Baba Yetu, medali yenye matundu matatu, msalaba, uzi imara wa nailoni, mkasi na kiberiti. Hakikisha matundu ya shanga ni madogo kuliko fundo la uzi wako.

Kwanza, kata uzi wa mita moja na nusu. Funga fundo la muda upande mmoja ili shanga zisitoke.

Pili, ingiza shanga 10 za Salamu Maria, piga fundo, ingiza 1 ya Baba Yetu, piga fundo tena. Endelea hivyo mpaka upate makumi matano na shanga 4 za Baba Yetu katikati yake. Hapo una shanga 54.

Tatu, fungua fundo la muda, kisha funga kila ncha kwenye tundu moja la juu la medali. Zungusha uzi mara mbili kabla ya kukaza, halafu rudia fundo. Tone la gundi linasaidia fundo, halichukui nafasi yake.

Nne, chukua uzi mwingine wa sentimita 40, ufunge kwenye tundu la chini. Ingiza Baba Yetu 1, Salamu Maria 3, Baba Yetu 1, ukiweka fundo kati ya shanga kubwa na ndogo, kisha funga msalaba. Jumla ni 59.

Tano, rudisha ncha ndani ya shanga, kata kinachobaki, uchome kwa moto kidogo. Angalia vidole, nailoni iliyoyeyuka inaunguza vibaya.

Mwisho, shika msalaba kwa mkono mmoja na mduara kwa mwingine, uvute. Kama itaachia, ni heri iachie mkononi mwako.

Nimejiwekea desturi ya kusali Salamu Maria moja kwa kila fundo, kumwombea atakayeitumia rozari ile hata kama simjui. Inanichelewesha kidogo, na kuchelewa huko kumenisaidia.

6. Maswali ya kutafakari

a) Katika kazi yako au masomo yako, ni sehemu gani ambayo hakuna anayeiona? Unaifanyaje?
b) Je, kuna mtu uliyempa kazi mbovu bila yeye kujua? Unaweza kumrudia?
c) Nani alikufundisha ufundi ulio nao, na wewe unamfundisha nani?

Zoezi la wiki: tengeneza kitu kimoja kwa mikono yako, hata kidogo, umpe mtu bila kukipiga picha wala kukiweka mtandaoni.

Tusali

Ee Yesu, uliyefanya kazi Nazareti pamoja na Yosefu, tazama mikono yetu. Tusamehe kazi tulizozifanya kwa hila. Utufundishe kufunga vizuri hata pale asipoona mtu, ili wanaotumia kazi zetu wasiaibike, nasi tusiaibike mbele yako. Maria, Malkia wa Rozari, utuombee. Amina.