Tujifunze Kulinda Kompyuta za Kazini



Katika miji yetu ya Busia, Malaba na Mutukula, kazi nyingi hupitia kwenye kompyuta: hati za mizigo, ankara na hesabu za biashara. Kompyuta ya wakala wa forodha ikiharibika, hati hukwama, na mwenye shehena ya matunda huhesabu hasara. Kwa sababu hiyo, somo letu la leo linahusu virusi vya kompyuta.

Kirusi ni programu iliyotungwa kwa nia mbaya ili kuharibu mafaili au kuiba siri. Mara nyingi hakivunji mlango. Hufunguliwa na mtumiaji mwenyewe. Mwezi Mei 2000, kirusi kilichoitwa ILOVEYOU kilitokea Ufilipino na kuenea duniani kwa barua pepe iliyojifanya barua ya mapenzi. Mtu alipofungua kiambatisho chake, mafaili yake yaliharibiwa, na barua hiyo ikajituma kwa watu waliokuwa katika orodha ya anwani zake. Wengi waliiamini kwa kuwa ilitoka kwa mtu wanayemfahamu.

Basi, programu ya kinga ni muhimu, lakini haitoshi. Tunawaomba wakuu wa ofisi wawafundishe watumishi wote mambo manne:

1. Kiambatisho usichokitarajia usikifungue. Mpigie kwanza mtumaji kwa namba unayoijua.
2. Flashi ya mteja ikaguliwe kwa programu ya kinga kabla ya mafaili yake kufunguliwa.
3. Programu zisasishwe, na nakala za akiba zitunzwe mahali pasipounganishwa na kompyuta.
4. Ukishuku kirusi, iondoe kompyuta kwenye mtandao na utoe taarifa mara moja.

La nne ndilo gumu. Mtumishi anayeogopa kufukuzwa huficha kosa lake, na kirusi huzidi kusambaa. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mkuu wa ofisi, mpokee kwa utulivu anayekiri mapema, kwa maana ameokoa kompyuta nyingine.

Mkidaiwa fedha ili mfunguliwe mafaili yenu, msikimbilie kulipa. Malipo si dhamana ya kuyapata tena. Msifute ujumbe wa mdai, kwani huo ni ushahidi. Fikeni kituo cha polisi kilicho karibu nanyi, nasi tutawapokea.