Kabla Hujalegeza Bolti za Flanji

Watu wengi wa Mukuru, Donholm na Kayole hutafuta riziki Eneo la Viwanda la Nairobi, na wapo wanaokabidhiwa spana siku ileile wanapoajiriwa kibarua. Kazi moja ya hatari ni kuachanisha flanji, yale mashavu ya chuma yanayounganisha mabomba kwa bolti, ili sahani ya kuziba iingie katikati. Sahani huwekwa kwa sababu valvu iliyofungwa huweza kuvuja, na mtu anayechomelea au aliye ndani ya tangi hapaswi kuitegemea peke yake. Mtaa wa Sinai unayajua mafuta yaliyotoroka: Septemba 12, 2011, petroli ya bomba la kampuni ya Kenya Pipeline ilivuja mtaroni, ikawaka, na watu zaidi ya 100 wakafariki.

Kazi hii ni ya fundi aliyefunzwa, mwenye kibali cha maandishi. Valvu zifungwe kwa kufuli na ufunguo ukae nawe. Presha itolewe, kilichomo bombani kimwagwe, tundu la kumwagia likaguliwe. Lakini tundu lisipotoa kitu, huenda limezibwa na uchafu tu. Kwa hiyo fungua flanji kana kwamba bomba bado limejaa.

Tegemeza bomba kwanza, maana lililokazwa likiwa limepinda huruka likiachiwa. Vaa kinga ya uso, simama upepo unakotoka. Legeza kwanza bolti zilizo mbali nawe, halafu za karibu, na usitoe nati hata moja kwanza. Gonga kabari upande ule wa mbali, polepole, mpaka gasketi inayoziba katikati ya flanji iachie. Palipo na mafuta tumia kabari ya shaba. Chuma kwa chuma hutoa cheche. Kilichobaki ndani kitaruka mbali nawe, na bolti zipo bado za kukazia upya. Anayetoa bolti zote kwa haraka hana tena cha kukaza. Vidole visiingie katikati kamwe.

Bomba likishakuwa tupu, sahani inayoingizwa iwe ya unene unaohimili presha ya bomba, si bati lililokatwa karakana. Weka gasketi mpya pande zote mbili, kaza bolti kwa kupishana, mkia wa sahani uonekane nje, na iandikwe daftarini ili isisahauliwe mtambo ukiwashwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inakutaka umwarifu msimamizi uonapo hatari kubwa, na mwajiri haruhusiwi kukurudisha hapo kabla hajaiondoa. Ukiambiwa ufungue bila kibali wala kufuli, weka spana chini, umwambie msimamizi.