Mafunzo Niliyopata kuhusu Uzito: Ugali, Kunde na Mbaazi za Kwetu

Nimekulia Newala, sasa naishi na kufanya kazi Masasi mjini. Nilipovuka miaka 40 uzito ulipanda na shinikizo la damu likafuata. Muuguzi aliyenipima akaniuliza swali moja tu: ugali wako unaula na nini? Haya ndiyo niliyojifunza tangu hapo.

1. Bibi zetu walikula ugali mwingi kwa sababu walikuwa na kazi nyingi. Juu kule Newala hakuna mto. Mvua ikinyesha, maji huzama mchangani. Kabla mabomba hayajafika, wanawake waliteremka hadi mabondeni kutafuta maji, wakaupanda mteremko ule na mzigo kichwani, kisha wakashika jembe. Mimi naenda kazini kwa bodaboda na kukaa kitini mchana kutwa. Chakula kilekile, kazi ikipungua, hugeuka mafuta mwilini.

2. Shibe ya muhogo haikai. Gramu 100 za unga wa muhogo zina protini gramu 2 hivi, unga wa mahindi kama 8, lakini kunde, choroko na mbaazi kavu huzidi 20. Protini huchochea homoni zinazoujulisha ubongo kwamba mtu ameshiba. Tena kuisaga ni kazi: mwili hutumia asilimia 20 hadi 30 ya nishati iliyomo kwenye protini hiyo katika kuisaga na kuitumia. Kunde zina pia nyuzinyuzi, nazo hurefusha shibe. Siku niliyokula kunde mchana, saa kumi jioni sikutafuta maandazi.

3. Pakua mboga kwanza, ugali ufuate. Mama mkwe alipoiona sahani yangu alishtuka.
"Mwanangu, ugali huo si wa mtoto?"
"Mama, nimeongeza mbaazi. Nitashiba."
Hakuridhika, na namwelewa. Kwetu, kumpunguzia mtu ugali ni kama kumnyima. Ndiyo maana nawashauri wenzangu waongeze kitoweo kabla ya kupunguza tonge.

4. Korosho ni chakula kizuri, ila ipimwe. Gramu 100 zina protini gramu 18 hivi, na kalori zake hukaribia 550 kwa sababu ya mafuta. Kiganja kimoja kinatosha.

5. Anayepunguza uzito kwa kujinyima kila kitu hupoteza na misuli. Nimewaona akina mama wakishinda na chai ya rangi peke yake. Wanapungua, kisha wananyong'onyea hata jembe haliinuki. Mtu mzima anahitaji walau gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani gramu 56 kwa mwenye kilo 70. Yai moja lina gramu 6 hivi. Dagaa wanaopanda kutoka pwani wana protini nyingi, na kiporo cha kunde asubuhi ni bora kuliko andazi. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kabla ya kumwona daktari.

6. Mbaazi ni chakula kabla ya kuwa biashara. Agosti 2017 India, mnunuzi wetu mkubwa, iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini humo. Bei ikaanguka, magunia yakabaki ndani. Wakulima waliumia, na kilio chao kilikuwa cha haki. Lakini wako waliokuwa na magunia hayo chumbani huku mezani pana ugali na kisamvu kisicho na karanga. Hilo linaniuma mpaka leo. Zao tunalolima wenyewe, linalojenga misuli ya mtoto na kumzuia mtu mzima asinenepe ovyo, tumelizoea kama mali ya mnunuzi.

Ndugu msomaji wa Masasi na Newala, msimu huu kabla hujapeleka mbaazi ghalani, tenga kwanza za kula nyumbani mpaka mavuno mengine.