SOMO LA WIKI: Wastani wa asali huficha madebe yatakayokataliwa

Pembe za ndovu zilipokuwa zikiuzwa Kazeh, yaani Tabora, katika karne ya 19, haikutosha kujua uzito wa shehena nzima. Pembe kubwa ilipata bei ya juu zaidi kwa kila frasila (kilo 16 hivi) kuliko pembe ndogo. Kwa hiyo mnunuzi alitaka kujua ni pembe ngapi nzito na ngapi nyepesi kabla wapagazi hawajajitwisha mizigo kuelekea Bagamoyo. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na misafara ikafa, lakini swali lile lilibaki. Siku hizi linaulizwa kwenye asali.

Asali ya misitu ya miombo ya Tabora, Sikonge na Urambo hupimwa kiasi cha maji. Viwango vya kimataifa vya chakula, Codex, vinaweka kikomo cha asilimia 20 kwa asali ya kawaida. Maji yakizidi hapo asali huchacha kwa urahisi. Mara nyingi chanzo ni warina asali kukata masega ambayo nyuki hawajayafunika kwa nta. Kipimo chenyewe, rifraktomita, huhitaji tone moja tu.

Uchukuliwe mfano uliotungwa kwa ajili ya somo hili: mfanyabiashara ameletewa madebe 40 na amepima kila moja. Madebe 2 yana maji kati ya asilimia 16 na 17. Madebe 6 kati ya 17 na 18. 10 kati ya 18 na 19. 9 kati ya 19 na 20. 7 kati ya 20 na 21. 4 kati ya 21 na 22. Na 2 kati ya 22 na 23. Akikokotoa wastani atapata 19.3. Atafurahi, atalipa bei ya daraja la kwanza, kisha atapigwa na butwaa mzigo ukifika kwa mnunuzi.

Badala yake ajumlishe akienda juu. Chini ya 17 yako madebe 2, chini ya 18 yako 8, chini ya 19 yako 18, chini ya 20 yako 27, kisha 34, 38 na mwisho 40. Hizo ndizo idadi limbikizi. Kwenye karatasi ya miraba aweke asilimia ya maji kwenye mstari wa chini na idadi ya madebe kwenye mstari wa wima. Aanzie 16 penye sifuri, kisha kila nukta aiweke kwenye ukomo wa juu wa kundi lake, na aziunganishe nukta kwa mstari mlaini. Utapanda taratibu, utakuwa mkali katikati, kisha utalala, mithili ya herufi S iliyovutwa.

Hapa ndipo wengi hukosea. Huweka nukta katikati ya kundi, kwenye 19.5 badala ya 20. Mstari wote husogea kushoto, na penye 20 mtu husoma madebe 30 au 31 wakati yaliyo salama ni 27. Debe la lita 20 hubeba asali ya kilo zipatazo 28. Madebe matatu ya kujidanganya si mchezo.

Mchoro ukiwa sahihi, kusoma ni kazi ya rula. Kutoka 20 kwenda juu hadi kwenye mstari, kisha kushoto: 27. Maana yake madebe 13, karibu kilo 364, yatakataliwa. Kutoka debe la 20 kwenda kulia kisha chini: 19.2, ndiyo thamani ya kati. Debe la 10 linatoa 18.2 na la 30 linatoa 20.4, hivyo nusu ya katikati ya mzigo imetawanyika kwa pointi 2.2. Mzigo mwingine unaweza kuwa na wastani uleule wa 19.3 lakini mstari wake ukapanda wima kama ngazi kati ya 18.5 na 20. Huo ni wa warina asali wanaongoja masega yakomae, nao unastahili bei tofauti.

Wapo watakaosema madebe yote yamiminwe kwenye tangi moja, na mchanganyiko utapita. Ni kweli, mradi hakuna lililokwisha kuchacha na mzani wa kila debe ni uleule. Hapo wastani unasema kweli. Lakini mnunuzi akiweka kikomo chake kwenye 19, kama anavyoweza kufanya katika mkataba, mchoro unasoma madebe 18 ya kuuza. Tangi la 19.3 linarudi lote.