MALI BILA DAFTARI: SOMO LA KUSAWAZISHA ANWANI NA KALENDA

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi daftari lenyewe limegeuka sura. Limo kwenye simu mfukoni, limo kwenye kompyuta ya maktaba, limo pia kwenye akaunti ya barua pepe, na mara nyingi madaftari hayo matatu hayasemi jambo moja. Simu ina namba mpya ya mjomba ilhali kompyuta ingali na ile ya zamani. Kalenda ya simu inasema mkutano wa chama ni Alhamisi, ile ya kompyuta inang'ang'ania Ijumaa. Basi, msomaji mpendwa, daftari lipi ndilo la kuaminiwa? Hilo ndilo swali la somo letu.

1. Maana ya neno

Ukimuuliza kijana yeyote hapa Kisumu atakwambia, "Nimesinki simu yangu." Kiswahili hakijakosa neno lakini. Wengine husema kulandanisha, wengine kusawazisha. Hili la pili linajulikana na kila shabiki wa kandanda. Mtangazaji akipaaza sauti kwamba Gor Mahia wamesawazisha, twajua mara moja kuwa mabao yamekuwa sawa pande zote mbili.

Ndivyo ilivyo kwa simu na kompyuta. Kusawazisha ni kufanya orodha zilizo mahali pawili au zaidi ziwe sawa, kila badiliko la upande mmoja lifike upande wa pili bila mtu kulinakili kwa mkono. Lakini angalia jambo moja. Timu zikitoka sare haina maana kwamba zimecheza vizuri! Vivyo hivyo, kusawazisha huhakikisha kwamba orodha zako ziko sawa. Hakuhakikishi kwamba ziko sahihi. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya somo.

2. Namba hukaa wapi?

Unapoisevu namba, inaweza kukaa mahali patatu: kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti. Tofauti yake ni kubwa.

Kila Mkenya ameshuhudia haya. Mtu akipoteza simu huenda kwa kampuni yake akapewa laini nyingine yenye namba ile ile. Akifungua M-Pesa, pesa zake zipo zote, hata shilingi haikupungua. Akifungua orodha ya majina, hola! Ni tupu kama mtungi uliopasuka. Kwa nini?

Sababu ni kwamba pesa za M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 2007, hazikuwahi kukaa ndani ya laini. Hesabu yake hutunzwa katika kompyuta kubwa za kampuni, zinazoitwa seva, na simu ni dirisha tu la kuichungulia. Lakini majina yaliyosevuliwa kwenye laini yalikuwa ndani ya kile kipande cha plastiki, nacho kimeenda na mwizi au kimezama ziwani. Majina yaliyosevuliwa kwenye akaunti yana bahati ya zile pesa: nakala yake iko kwenye seva, na simu mpya ikiingizwa akaunti hiyo, yote hurudi.

3. Jinsi kazi inavyofanyika

Seva hujuaje kilichobadilika? Kila jina na kila tukio la kalenda hupewa utambulisho wake wa pekee, mithili ya namba ya usajili ya mwanafunzi. Tena hupewa alama ya toleo. Ukibadilisha chochote, alama hubadilika. Simu inapokutana na seva kupitia mtandao, huulizana: "Kwangu hiki ni toleo jipya, kwako je?" Kilicho kipya huchukua nafasi ya kilichopitwa.

Lugha ya mazungumzo hayo ilibidi ikubaliwe na watengenezaji wote, la sivyo simu ya kampuni moja isingeelewana na kompyuta ya nyingine. Muundo wa kuandika matukio ya kalenda, uitwao iCalendar, ulitolewa mwaka 1998. Kanuni za kuzisawazisha kalenda kupitia seva, CalDAV, zilifuata mwaka 2007, na zile za anwani, CardDAV, mwaka 2011. Ndiyo maana faili yenye mwisho wa .ics (kalenda) au .vcf (anwani) hufunguka karibu kila mahali.

Sasa tuchukue mfano. Mama mmoja anauza samaki ufuoni Dunga. Simu yake ina namba za wenye mashua, za muuza barafu, na za wateja wa Nairobi wanaoagiza mbuta na ngege. Simu hiyo na tableti ya nyumbani zinatumia akaunti moja. Siku moja mtoto anaona tableti imejaa majina asiyoyajua, anayafuta ili apate nafasi ya michezo. Tableti inatii. Inamwambia seva, "Haya yamefutwa." Seva nayo inatii, inaiambia simu ya mama. Kufikia jioni, wateja wote wameyeyuka kwenye simu ambayo hakuna aliyeigusa.

Hapo hapana mashine iliyoharibika. Kila moja ilifanya kazi yake barabara! Kufuta nako ni badiliko, na badiliko husambazwa. Kwa hiyo shika neno hili: kusawazisha si kuhifadhi. Nakala ya akiba ni ile iliyokaa kando, isiyofuata mabadiliko. Anwani za Google zikifutwa hukaa kwenye tupio kwa siku 30, hivyo yule mama akigundua mapema ataokoka. Baada ya hapo, majuto ni mjukuu.

Kuna pia mgongano. Hutokea pale ambapo wewe umebadilisha namba kwenye simu isiyo na mtandao, na mwenzako ameibadilisha namba hiyo hiyo kwenye kompyuta. Programu nyingine hukubali badiliko la mwisho tu, nyingine huweka yote mawili. Mshika mbili moja humponyoka, kwa hivyo chagua kifaa kimoja cha kufanyia marekebisho makubwa.

4. Akina Otieno na alama ya +254

Programu nyingi hujitolea kukuunganishia anwani zinazofanana. Hapa kwetu, jihadhari sana na msaada huo. Waluo wengi hupewa majina kulingana na wakati wa kuzaliwa: Otieno na Atieno usiku, Akinyi asubuhi, Ochieng' na Achieng' jua likiwaka, Adhiambo jioni. Ni simu gani ya Kisumu iliyo na Otieno mmoja tu? Ukikubali ovyo, Otieno fundi wa mashua na Otieno mwalimu wa hesabu watakuwa mtu mmoja mwenye namba mbili. Dawa yake ni kuandika majina mawili na kazi au mahali: "Otieno Fundi Usoma", "Atieno Duka Kondele".

Jambo la pili ni ile alama ya king'ong'o. Jina kama Ong'ayo likiandikwa kwenye simu kwa alama iliyonyooka, na kwenye kompyuta kwa alama iliyopinda, macho yetu huona jina moja lakini mashine inaweza kuona mawili. Chagua namna moja ya kuandika uishikilie.

Jambo la tatu ni namba zenyewe. Ziwa letu lina nchi tatu, na simu za mkono za Kenya, Uganda na Tanzania zote zina namba zinazoanza kwa 07. Mkenya aliyevuka Busia na kuweka laini ya Uganda, akipiga 07 ya Kisumu, mtandao wa kule utaidhania ni ya Uganda. Andika basi msimbo wa nchi na uache ile sifuri: +254 kwa Kenya, +256 kwa Uganda, +255 kwa Tanzania. Namba iliyoandikwa hivyo hufika popote, na haizai pacha wakati wa kusawazisha.

5. Saa nane ni saa ngapi?

Kwenye kalenda ndiko wengi wanakoteleza. Mwalimu akitangaza, "Mkutano saa nane," kila mtu ajua ni baada ya chakula cha mchana. Kalenda haijui. Ukiandika 8:00 itakukumbusha saa mbili asubuhi, na ukiwa umealika wengine, kosa hilo litawafikia wote. Kanuni ya saa za mchana, kuanzia saa moja hadi saa kumi na mbili jioni, ni kuongeza sita: saa nane ni 14:00, saa kumi ni 16:00.

Tena kuna ukanda wa saa. Kenya iko mbele ya saa za kimataifa kwa saa tatu. Chama kikipanga mazungumzo ya simu saa kumi alasiri na mwanachama wa zamani aliye London, kalenda yake itaonyesha 13:00 mwezi wa Januari, lakini 14:00 mwezi wa Julai, kwa kuwa Waingereza husogeza saa zao mbele wakati wa kiangazi. Kalenda hufanya hesabu hiyo yenyewe, mradi kompyuta imeambiwa iko wapi.

Na isipoambiwa je? Tuseme kompyuta imeletwa kutoka Marekani ikiwa imewekewa ukanda wa California. Mtu akarekebisha mishale ya saa tu, ukanda akauacha. Mnamo Januari ukiandika humo mkutano wa 14:00, kalenda itadhani ni saa nane ya California. Simu yako itakukumbusha saa saba usiku! Rekebisha ukanda kwanza, uchague Nairobi, ndipo utazame saa.

Matukio yanayorudi yaandike mara moja tu, kama vile soko kubwa la Kibuye kila Jumapili. Idd ni tofauti. Hufuata mwezi mwandamo, na kila mwaka husogea nyuma kwa takriban siku kumi na moja, kwa hivyo usiiamuru ijirudie tarehe ile ile.

6. Kompyuta ya watu wengi

Wengi wetu hutumia kompyuta ya shule au ya saibakafe mjini. Ukiingia kwenye akaunti yako humo na kukubali usawazishaji wa mashine nzima, majina na namba za jamaa zako zote zaweza kunakiliwa katika mashine isiyo yako. Ukiondoka bila kutoka kwenye akaunti, umeacha daftari la ukoo mzima juu ya meza ya barabarani. Kumbuka kwamba namba ya shangazi ni siri ya shangazi, si yako. Kenya ilipitisha Sheria ya Kulinda Data mwaka 2019 kwa ajili ya mambo kama haya.

7. Hatua za kufuata

(a) Kwanza kabisa, toa nakala ya akiba: faili ya .vcf na ya .ics, uziweke kando kwenye kadi au diski.
(b) Chagua akaunti moja iwe mama wa orodha zote.
(c) Hamisha majina ya kwenye laini yaingie katika akaunti hiyo.
(d) Safisha: pacha, namba zisizo na msimbo, majina yasiyojitosheleza.
(e) Hakikisha ukanda wa saa kwenye kila kifaa.
(f) Washa usawazishaji kwenye kifaa kimoja, ongeza jina moja la majaribio, ulione likifika upande wa pili. Ndipo uendelee na vingine.
(g) Andika kwa kalamu namba tano usizoweza kuishi bila kuzipata. Betri huisha, wino hauishi!

Zoezi

1. Eleza kwa nini pesa za M-Pesa hurudi na laini mpya ilhali majina ya kwenye laini hayarudi.
2. "Kusawazisha si kuhifadhi." Fafanua kwa mfano wako mwenyewe.
3. Andika kwa saa za kalenda: saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri, saa kumi na moja jioni.
4. Wanachama wawili wa chama chetu wanaitwa Achieng'. Utawaandikaje ili mashine isiwaunganishe?

Majibu yajadiliwe katika kikao cha chama, na atakayebisha aje na simu yake.