Magurudumu nyuma ya boksi la trekta: jinsi ya kuchonga njia ya shamba bila kuacha mawimbi

Leo tunaweka kando mbegu na mbolea, tunazungumzia njia ya kuingilia shambani. Kabla hujasema hiyo si kazi ya bwana shamba, fikiria hili: mhogo ukishang'olewa una siku mbili au tatu tu kabla haujaanza kuharibika. Fuso likigoma kuingia kwako Kisarawe katikati ya masika, siku hizo zinaishia njiani na bei anapanga mnunuzi. Na mfugaji wa kuku kule Soga anajua mwenyewe trei ngapi zinapasuka kabla gari halijafika lami ya barabara ya Morogoro.

Tatizo lenyewe

Wenye trekta wengi wanachonga njia zao kwa boksi la kuchongea, yaani lile sanduku la chuma lisilo na kitako, lenye makali chini na meno ya kuchimbua mbele, linalofungwa kwenye mikono mitatu nyuma ya trekta. Kifaa ni kizuri. Lakini malalamiko ni yale yale: "Bwana shamba, nimepita mara sita, njia imekuwa mawimbi kuliko mwanzo."

Mara nyingi dereva hana kosa. Boksi limeshikwa na trekta peke yake, kwa hiyo kila trekta inapoinama au kuinuka, boksi linafuata, tena kinyume. Tupige hesabu. Chukua trekta ambayo kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2, na makali ya boksi yako mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma. Matairi ya mbele yakipanda kituta cha sm 10, makali yanazama sm 6. Matairi ya nyuma yakifika juu ya kituta hicho hicho, makali yanaruka sm 16. Yaani kituta kimoja kimezaa shimo na kituta kingine. Ukirudia kupita, unarudia kunakili.

Magurudumu yanasaidiaje

Waliolima kwa plau ya ng'ombe wanakijua kigurudumu cha mbele: ndicho kinachoamua jembe lizame kiasi gani. Hapa tunafanya jambo hilo hilo, ila magurudumu ni mawili na yanakaa nyuma ya boksi. Boksi sasa linabebwa pande mbili: mbele na mikono ya trekta, nyuma na ardhi ambayo makali yameshaisawazisha.

Kwa trekta ile ile, tuseme pini za mikono ya chini ziko sm 40 mbele ya makali, na magurudumu yako sm 80 nyuma yake. Kile kituta cha sm 10 sasa kinazamisha makali karibu sm 3 badala ya 6, na kuyarusha karibu sm 9 badala ya 16. Si sifuri, usidanganywe na mtu. Lakini kosa limepungua karibu nusu kila unapopita, hivyo njia inazidi kunyooka badala ya kuharibika.

Vipimo vya kumpelekea fundi

1. *Pini.* Pima pini ya mkono wa juu wa trekta yako. Trekta ndogo huwa na pini ya milimita 19, za kati milimita 25. Usikadirie kwa macho.

2. *Mikono ya kubebea.* Mabomba mawili ya mraba yenye ukuta mnene, yafungwe kwa bolti kwenye fremu ya boksi, si kwenye bamba jembamba la nyuma. Umbali wa sm 80 hadi mita 1 kutoka kwenye makali unatosha. Ukiyasogeza karibu mno yatakanyaga udongo unaomwagika nyuma ya boksi. Ukiyaweka mbali mno, uzito wa nyuma utafanya trekta inyanyue pua unapoinua boksi.

3. *Magurudumu.* Bajaji inatumia tairi ya 4.00-8, inapatikana kila kona, na kwa ardhi ngumu yenye changarawe inafaa. Kwa mchanga wa kwetu itazama. Bora habu na tairi kuukuu za gari dogo, rimu ya inchi 13, maana upana wake unaelea juu ya mchanga. Hakikisha beringi ni nzima na zina grisi.

4. *Kurekebisha kimo.* Matundu ya pini ni rahisi, lakini tundu moja hadi jingine ni hatua kubwa mno kwa kazi ya kukwangua sentimita moja. Mwambie fundi aweke skrubu ya kuzungusha kwa mkono, kila gurudumu na yake.

5. *Tundu refu la mkono wa juu.* Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mkono wa juu ukibaki umekazwa, trekta bado inalilazimisha boksi kuinama pamoja nayo, na magurudumu yatakuwa mapambo tu. Chomelea bamba nene kwenye mnara wa boksi, lenye tundu la urefu wa sm 8 hadi 10, ili pini iteleze mbele na nyuma. Ongeza tundu moja la pini ya kufungia, kwa siku unapotaka mkono uwe umekaza.

Kuchomelea kufanyike boksi likiwa limefunguliwa kutoka kwenye trekta. Na mtu yeyote asiingie chini ya boksi lililoinuliwa kwa haidroliki tu. Shusha chini au weka magogo imara.

Kuweka sawa kabla ya kuanza

Peleka trekta kwenye sakafu ya zege. Shusha boksi mpaka makali yaguse sakafu upana wote, kisha zungusha skrubu mpaka magurudumu yote mawili yaguse, na pini ikae katikati ya tundu refu. Weka alama ya rangi kwenye skrubu: hiyo ndiyo sifuri yako. Weka alama nyingine kwenye liva ya haidroliki, ili dereva arudi pale pale kila anaposhusha. Kwenye Massey Ferguson nyingi kuna liva mbili. Tumia ile inayoshikilia kimo cha mikono, si ile inayoitikia uzito wa kuvuta.

Kazi yenyewe

Subiri udongo uwe na unyevunyevu. Ukiwa mkavu unatimka vumbi, ukiwa tope unanata kwenye boksi.

Kama njia imekauka kama zege, anza na meno: funga pini ya mkono wa juu, pandisha magurudumu juu kabisa, chimbua chini ya kina cha mashimo. Ukijaza mashimo bila kuchimbua, udongo uliojaza utatoka mvua ya kwanza.

Halafu ondoa meno, fungua pini ya kufungia, rudisha magurudumu kwenye sifuri na pita polepole, mwendo wa mtu anayetembea. Mara ya kwanza makali yatakwangua vichwa vya vituta na kujaza mabonde. Mara ya pili na ya tatu pandisha magurudumu sentimita moja tu, ili makali yale kidogo zaidi. Ukifika mwisho, inua boksi kwanza ndipo ukate kona. Magurudumu haya hayageuki, ukikunja yakiwa chini utapinda mikono yake.

Mwisho tengeneza mgongo. Kwa njia ya upana wa mita 3, katikati pawe juu ya kingo kwa sm 6 hivi. Inamisha boksi kwa mkono wa chini unaorekebishwa, kisha weka kila gurudumu kimo chake, pita upande mmoja, rudi upande wa pili. Hapa ndipo magurudumu yanapolipa gharama yake. Kinachoua njia zetu ni maji yanayolala au yanayoteremka na mkondo wa tairi, na mgongo wa sm 6 huwezi kuutengeneza na boksi linaloruka sm 16. Kwenye miteremko ya Kisarawe ongeza michepuo ya kutoa maji pembeni, yaingie kwenye nyasi, yasiingie kwa jirani.

Yasiyowezekana

Magurudumu yakiwa chini, huwezi kusukuma udongo kwa kurudi nyuma. Yapandishe au yafungue. Pili, mchanga mtupu hauchongeki ukadumu. Leta kifusi chenye changarawe na udongo wa mfinyanzi kidogo, ukitandaze kwa boksi, ukishindilie. Tatu, barabara ya kijiji si njia yako binafsi. Zile zilizo chini ya TARURA, ongea kwanza na ofisi yao ya wilaya na serikali ya kijiji kabla hujashusha makali.

Kama huna trekta, mnaweza kuungana wenye mashamba watano au sita wa njia moja, mkamlipa mwenye trekta kwa siku na mkachangia magurudumu. Fanyeni hivyo kabla ya mwezi wa 3. Masika ikishaanza, kazi inayobaki ni kukwamua magari.